Mafuta Yaliyokwama Butembo

Butembo, 14 Novemba 2022

Mudogo wangu Marie-Louise,

Amani iwe kwako, kwa binti yako Patricia, na kwa wote wanaokula chungu kimoja nawe hapo Majengo, Goma. Sisi huku tuko. Mama anakohoa asubuhi, lakini jua likitoka anatoka nalo, anakaa mbele ya nyumba na kuuliza kila anayepita ni mutoto wa nani. Muke wangu Sylvie anakusalimu. Maharagi yametoka vizuri. Mutoto wa Gauthier, mujukuu wangu wa kwanza, amebatizwa Jumapili iliyopita. Alilia kwa nguvu mupaka padri akashindwa kuzuia kicheko.

Nimeandika badala ya kupiga simu. Unajua Baba alivyotuzoeza: simu ni ya salamu na ya matanga, neno la kazi linaandikwa, ili mutu asije akasema hakusikia vizuri. Barua nimemupa Darius, yule muuza vitenge. Atatokea mupakani Kasindi, apite Uganda na Rwanda, ndipo akufikie. Zamani barua yangu ilikuwa inapanda Fuso yangu ya mizigo asubuhi na wewe unaisoma kesho yake. Sasa inatembelea nchi za watu kwanza.

Neno lenyewe ni hili. Barabara ya Rutshuru imefungwa kwa vita na hakuna anayejua itafunguka lini. Mafuta ya mawese niliyokuwa nakuletea yamejaa katika depo, ghala yangu, mapipa kwa mapipa, na hayana pa kwenda. Kuyapitisha Uganda haifai, ushuru wa mipaka yote ile ungeyameza kabla hayajafika kwako. Kwa hiyo hauna tena kitu cha kupikia sabuni. Nimefikiri sana. Funga kiwanda. Uza masufuria na mbao, agana vizuri na wafanyakazi, urudi nyumbani. Chumba chako kipo, Sylvie amekifagia. Si haya kwa mutu kurudi kwao wakati njia imefungwa.

Gari langu linapumzika kidogo. Usishangae mwandiko huu kufanana na wa mutoto wa shule, mukono wa kuume unaniuma.

Kaa na Mungu. Mama anataka kukuona kabla ya Noeli.

Yaya wako, kaka mukubwa,
Hilaire


Goma, 9 Desemba 2022

Yaya Hilaire,

Nakusalimu kwa heshima, na Mama nampigia magoti hata kama yuko mbali. Mwambie anywe maji ya moto na asali, asidanganyike na dawa za sokoni. Mutoto wa Gauthier nimefurahi naye, mwenye kulia hivyo atakuwa mukubwa wa biashara. Patricia yuko darasa la mwisho mwaka huu. Anasoma mupaka ninazima taa mwenyewe. Mvua imetunyeshea wiki nzima, na Darius alipofika hapa karatasi yako ilikuwa imelowa kama mboga. Nimeikausha juu ya ukuta wa kiwanda.

Nimesoma kila neno. Asanti kwa chumba. Sirudi.

Usikasirike kabla ya kusoma mwisho. Pipa la mwisho lilikwisha kweli. Siku hiyo Ushindi na wamama wenzake wanaopika nami walisafisha masufuria, wakafunga vitambaa vyao, wakasimama mulangoni. Ushindi ndiye mukubwa wao, yuko nami tangu nilipoanza. Akaniuliza:

"Mama Patricia, turudi lini?"

"Kesho."

"Kesho tutapika nini?"

"Sijui. Mukuje tu."

Yaya, mwaka uliopita volkano ilipotukimbiza tulilala Sake, na tuliporudi nilikuta ukuta wa kiwanda umepasuka toka juu mupaka chini kwa sababu ya matetemeko. Niliujenga upya. Sikuujenga ili niuuze.

Kuna jambo lingine. Juu kidogo ya muji, Munigi, wamejaa watu waliokimbia vita kutoka Rutshuru. Wanalala juu ya mawe ya volkano, chini ya vipande vya shitingi ya plastiki. Kolera, kipindupindu, imeingia. Nilipanda kwenda kuona, na wamama waliponitambua hawakuniomba chakula. Waliniomba sabuni. Nilikuwa na vipande vichache tu katika kikapu, na nilipovitoa nililazimika kuvikata kwa uzi, vidogo kama sukari ya vipande. Sasa niambie wewe, nani anafunga kiwanda cha sabuni wakati kama huu?

Nina kitu ninachojaribu. Sitakitaja bado, kwa sababu hakijakubali.

Mukono wako umefanya nini? Na gari linapumzikia wapi? Nilikuuliza kwa simu, mutandao ukakatika. Au wewe ndiye uliyeukata.

Noeli njema kwa wote.

Mudogo wako,
Marie-Louise


Butembo, 20 Januari 2023

Marie-Louise,

Mwaka mupya ukuletee afya. Noeli ilipita vizuri, Sylvie alichinja kuku wawili, Mama akala paja lote peke yake. Kikohozi kimepungua kwa ile asali. Alikutafuta kwa macho pale mezani. Nilimwambia njia ni mbaya, akasema: "Njia ilikuwa mbaya hata wakati wa baba yenu, na alifika."

Umeuliza gari. Liko kwa fundi.

Sasa niseme kilichoniuma. Darius ameniambia alikukuta barabarani na ndoo kichwani, ukitoka abatwari wanapochinjia ng'ombe, na ndani ya ndoo kulikuwa mafuta ya nyama, yale ambayo mbwa wanagombania. Hakuniambia kwa ubaya. Lakini alinisimulia mbele ya watu, sokoni, na watu wakanitazama. Dada ya Hilaire. Baba alifanya biashara toka Beni mupaka Kisangani na hakuna siku watoto wake walibeba takataka ya mutu mwingine. Alipoona kahawa imeanguka bei aliiacha bila aibu, akaanza kitu kingine. Mufanyabiashara anajua wakati wa kuondoka. Wewe hautaki kujua.

Rudi nyumbani. Sisemi tena kama mushauri, nasema kama mukubwa wako.

Salamu kwa Patricia. Atilie mukazo egzamen yake, mutihani wa mwisho.

Hilaire


Goma, 17 Februari 2023

Yaya Hilaire,

Salamu za heshima. Furaha ya paja la kuku imenifikia hata huku. Patricia amekuwa wa pili darasani, na hajaridhika. Damu ya kwetu. Mimi ni muzima, isipokuwa mikono yangu imekuwa migumu kama ya mujenzi.

Ndiyo, nabeba ndoo. Darius alisema kweli, na ningependa asimulie yote, si kipande. Basi nasimulia mwenyewe.

Nilipokosa mawese nilikumbuka kwamba sabuni haiulizi mafuta yametoka wapi. Nikaenda kwa Cyprien, muchinjaji, nikamwuliza yale mafuta meupe ya figo anayafanyia nini. Akasema anatupa. Nikayabeba. Tuliyakata, tukayayeyusha, tukatia maji yenye soda kali ya sabuni, tukakoroga. Ikatoka sabuni nyeupe, ngumu, nzuri kwa macho. Nikapeleka Munigi juu ya chukudu mbili za mbao za kusukuma. Nilirudi nikijisikia mukubwa wa muji.

Baada ya siku chache alishuka mama mumoja kutoka huko, anaitwa Jolie, mutu wa Masisi mwenye sauti ya pole. Alishika kipande chake mukononi.

"Mama, sabuni yako inasafisha," akasema.

"Asanti."

"Inatoa povu. Nguo zinang'aa. Lakini mutoto wangu usiku anakataa kulala karibu nami. Anasema ninanuka zizi."

Ushindi aligeuka ukutani ili nisione anacheka. Mimi nilichukua kipande, nikanusa vizuri, nikaona mutoto ana haki. Kiburi kilikuwa kimeniziba pua.

Tukaanza upya. Sasa mafuta tunayachemsha na maji na chumvi, tunaacha yagande, tunakwangua uchafu uliokaa chini, tunarudia mupaka yanakuwa hayana harufu. Kisha tunachemsha sitronele, yale majani marefu tunayotia katika chai, na maji yake ndiyo tunakorogea soda yakishapoa. Tulitupa mapishi mengi, Yaya. Kuna siku wamama wale walikoroga mupaka usiku, kwa sababu kila mumoja aliogopa kuwa wa kwanza kukata tamaa. Lakini ilikubali. Nilimupelekea Jolie kipande cha kwanza mimi mwenyewe. Aliosha uso wa mutoto wake mbele yangu, mutoto akanusa mikono yake, halafu akaomba kuoga yote. Sasa Jolie ndiye anayeniuzia huko juu, na anajua kuuza kuliko mimi. Tunakata vipande vidogo kwa wasio na kitu, vikubwa kwa wenye maduka ya muji. Hakuna mufanyakazi hata mumoja niliyemwambia abaki kwao.

Ulisema Baba aliacha kahawa bila aibu. Ni kweli. Lakini hakuacha biashara. Alibadilisha muzigo. Na mimi nimebadilisha muzigo tu.

Sasa kuhusu gari. Darius alipokuwa hapa nilimwuliza ni fundi gani anayelitengeneza. Alitazama viatu vyake. Nikamwambia basi, asiseme. Na wewe sikuulizi tena, utaniambia ukitaka.

Lakini nina ombi. Mafuta yako yamekaa katika depo, na yatachacha. Mafuta hayapiti, lakini karatasi inapita. Nimeandika nyuma ya barua hii namna ya kupika sabuni ya mawese, toka mwanzo mupaka mwisho, sawa ninavyowaonyesha wamama hapa. Darius anakuletea na kisanduku cha mbao cha kumwagia, nimekichongesha kwa fundi wa chukudu. Nijaribie huko. Mimi sina mawese ya kujaribia, na nataka kujua kama maji ya Butembo yanakubali. Utanisaidia sana.

Mudogo wako asiyekuvunjia heshima,
Marie-Louise


Goma, 11 Aprili 2023

Yaya Hilaire,

Pasaka imepita na sijaona mwandiko wako. Darius anasema kisanduku alikiweka mikononi mwa shemeji Sylvie, na kwamba wewe ulikuwa ndani, haukutoka. Nilimupigia Sylvie. Akaniambia Mama yuko, watoto wako, mvua iko. Nikamwuliza juu yako, akasema: "Yuko."

Sikuandika ili nikusumbue. Nimeandika nikwambie kwamba hapa tunakuombea kwa jina kila jioni, na Patricia ndiye anayeanza.

Marie-Louise


Butembo, 22 Mei 2023

Mudogo wangu,

Amani kwako na kwa Patricia anayeniombea. Mama ni muzima. Amepoteza jino na anamulaumu Sylvie. Sylvie anakusalimu, na anasema umusamehe kwa kunyamaza. Mimi nasema hivyo pia.

Gari haliko kwa fundi. Gari halipo.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba mwaka jana, tunakaribia Kiwanja, mimi na Gauthier kwenye usukani. Mafuta yako yalikuwa nyuma, muzigo mukubwa kuliko yote niliyowahi kukupakilia. Tulisikia milio mbele, tukaona magari yanageuka, watu wanakimbia na watoto mugongoni. Fuso iliyojaa haigeuki kama pikipiki. Gauthier akasimamisha, akaniambia, "Papa, tuache." Nikasema siachi. Nilishika mulango kwa mikono miwili. Marie-Louise, nilikuwa ninashika chuma. Yule mutoto akanivuta kwa nguvu zake zote, tukaanguka pamoja katika mufereji, na hapo ndipo mukono wangu ulipovunjika. Tulikuwa bado chini wakati gari lilipopigwa. Sijui lilipigwa na nani, na sasa sitafuti kujua. Mawese yanawaka vizuri sana. Tulitembea na wakimbizi mupaka Kanyabayonga, moshi uko nyuma yetu, na sikugeuka kuutazama hata mara moja.

Nilimukasirikia Gauthier muda murefu. Alikuwa ananifunga kitambaa cha mukono na mimi simusemeshi. Ningekuwa ndani ya moto ule, na nilimukasirikia juu ya mukono. Miaka yote huku mimi ni Hilaire wa Fuso. Watoto wakisikia honi walikuwa wanajua ni mimi. Mutu wa namna hiyo akitembea kwa miguu, kila salamu anaisikia kama swali. Ndiyo maana nilikaa ndani. Ndiyo maana nilitaka urudi, nafikiri. Nilitaka tuwe wawili tulioshindwa.

Kisanduku chako kilikaa chini ya kitanda tangu kwaresima. Sylvie ndiye aliyekitoa. Alikiweka mezani nilipokuwa nakula, kando ya sahani, kama kitoweo. Siku ile nilimwita Gauthier. Tulisoma karatasi yako pamoja nyuma ya nyumba, ambapo jirani haoni. Alisoma, mimi nikakoroga kwa mukono wa kushoto, kisha tukabadilishana. Ndiyo maneno ya kwanza marefu tuliyosema tangu barabarani.

Sasa nakuuliza, na ujue swali hili limenigharimu. Mbona mafuta yamekaa juu na maji yamekaa chini, kama watu waliogombana? Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu ikawa kama muchanga. Sylvie anasema niache. Sitaki kuacha. Nifundishe.

Hilaire


Goma, 19 Juni 2023

Yaya wangu,

Nilipofika pale uliposhika mulango wa gari niliiweka barua chini, nikatoka nje, nikazunguka kiwanda mara kadhaa kabla sijaweza kuendelea. Kisha nikawasomea wamama sehemu ya Gauthier. Ushindi akasema mutoto huyo apewe ng'ombe. Mwambie shangazi yake amesema: gari linanunuliwa, baba hanunuliwi. Na wewe umwambie kitu. Najua bado haujamwambia.

Mama apikiwe ndizi laini, jino halirudi kwa kulaumu. Patricia anafanya egzamen ya serikali mwezi ujao. Siwezi kula kwa ajili yake.

Sasa darasa. Mafuta na maji yaligombana kwa sababu ya haraka yako. Ninakujua, ulitia mafuta yangali yanachemka. Yaache yapoe mupaka uweze kugusa sufuria kwa kiganja bila kuruka. Soda ndiyo inaingia katika maji, kidogo kidogo. Maji yasimwagwe kamwe juu ya soda, yatakurukia machoni. Vaa miwani ya jua kama hauna nyingine. Kisha unamimina katika mafuta na kukoroga upande mumoja, polepole, bila kupumzika, mupaka inakuwa kama uji unaoacha alama ya mwiko. Ukiona alama, acha. Mwaga katika kisanduku, funika kwa blanketi, uende zako. Usifunue kuchungulia. Wewe ulichungulia, sivyo? Zile zilizoharibika usizitupe, zirudishe kwenye moto mudogo na maji kidogo, ukoroge, zitashikana. Na ukishazikata, zipange zikauke wiki kadhaa kabla mutu hajazigusa. Sabuni mbichi inakula mikono.

Usifikiri mimi ninakaa juu ya kiti nikifundisha. Mambo yamegeuka tena. Njia ya Masisi nayo imeharibika, ng'ombe wanaofika ni wachache, na Cyprien ana mafuta kiasi cha kukaangia tu. Nilipoona ndoo inarudi nusu nilishuka bandarini. Kuna mawese yanayopanda na mashua kutoka Bukavu. Yana bei, siwezi kuyatumia peke yake. Tukachanganya: mawese kidogo, mafuta ya ng'ombe kidogo. Na unajua, imekuwa nzuri kuliko zote mbili. Ina ugumu wa ile moja na povu la nyingine. Jolie anasema hata wenye kukaa kambini sasa wanachagua, wanakataa ya dukani, wanataka yetu. Parokia moja imetuomba tuwapikie kwa ajili ya shule zake zote. Nilitia sahihi kwa mukono huu mugumu, na sikuuficha chini ya meza.

Ukinishinda nitafurahi. Lakini hautanishinda mwaka huu.

Mudogo wako,
Marie-Louise


Butembo, 3 Oktoba 2023

Mudogo wangu Marie-Louise,

Kwanza Patricia. Tulisikia jina lake kwa redio, kati ya wanafunzi waliofaulu, au tuseme Sylvie alisikia na akapiga kelele mupaka jirani wakaja na maji wakidhani nyumba inaungua. Mama alicheza akiwa amekaa kwenye kiti. Mwambie Patricia amemurudishia bibi yake jino. Kikohozi kimekwisha kabisa. Gauthier amepata mutoto wa pili, musichana, na nitakwambia jina lake mwishoni.

Nilimwambia. Tulikuwa tunafunika kisanduku kwa blanketi, mimi upande huu, yeye upande ule. Nikasema, "Gauthier, siku ile uliniokoa." Akasema, "Papa, shika vizuri, blanketi linagusa sabuni." Basi. Lakini alipogeuka nilimwona anafuta uso kwa bega.

Sabuni ilikubali. Nilifanya kama ulivyosema, isipokuwa kuchungulia, nilichungulia mara moja. Mafuta ya depo yote yamepikwa, hakuna hata pipa lililochacha. Sasa watu wa mashambani wanaoleta mawese hawayarudishi tena, wanajua Hilaire atayapika hapa hapa. Nimeajiri madereva wangu wa zamani wawili, watu wa usukani, wanakoroga kwa bidii utafikiri wanavuka Kanyabayonga wakati wa mvua. Wanauliza kama tutakuwa na gari tena. Nawaambia labda, Mungu akipenda, lakini siku hiyo litabeba sabuni.

Ninachotaka kukusimulia kilitokea juzi sokoni. Nilikuwa nyuma ya meza yangu mwenyewe. Sikumutuma mutu, nilisema nitauza siku ya kwanza kwa mikono yangu. Akapita Nsanzimana, unamukumbuka, tulikuwa tunapakia pamoja tukiwa vijana, sasa ana magari matatu ya njia ya Kasindi. Akasimama. Watu wakasimama naye.

"Hilaire," akasema akicheka, "wewe wa Fuso, leo unauza sabuni?"

Zamani kidogo neno hilo lingenipeleka nyumbani kulala. Nikamwambia, "Ndiyo. Njia ilipofungwa dada yangu wa Goma alinifundisha. Yeye alipoteza mafuta, mimi nilipoteza gari, na yeye ndiye aliyesimama wa kwanza."

"Dada yako yule wa ndoo?"

"Yule yule. Nusa."

Nikamupa kipande. Alikinusa mbele ya watu wote, akakigeuza, akakisoma, kisha akaingiza mukono mufukoni na kulipa katoni nzima. Hakucheka tena. Na mimi, Marie-Louise, nilisimama vile nilivyokuwa nasimama juu ya ngazi ya gari.

Alisoma kwa sababu kuna maandishi. Nilienda kwa muchongaji nikamwambia anitengenezee muhuri wa kugonga juu ya kila kipande. Nilitaka jina lako lote. Akapima, akasema ni refu, litakatika kwenye ukingo, watu watasoma nusu yako. Nikafikiri kidogo, nikamwambia basi chonga herufi nne tu: DADA. Sasa wamama wanafika mezani hata hawasemi sabuni. Wanasema, "Papa Hilaire, nipe Dada." Wanasema hivyo siku nzima, na mimi nawajibu siku nzima, na sichoki.

Mutoto wa Gauthier tumemwita Marie-Louise. Yeye halii. Anatazama tu, kama mutu anayepima.

Wasingya, asanti, mudogo wangu, kama Mama anavyosema kwa kinywa chake. Njia ikifunguka, usirudi kukaa. Kuja kututembelea, uone tunavyopika, na ukikuta kosa, useme mbele ya watu.

Yaya wako na mwanafunzi wako,
Hilaire